Hitima ya Aliye Hai

Walimchukua Abdurahman saa saba za mchana, kweupe, akiwa juu ya paa.

Ilikuwa nyumba ya wageni huko Tiwi, ya mzungu mmoja aliyekuwa kwao Ulaya, na kazi walipewa na Gerishom, msimamizi wake. Mwanapili ndiye aliyeyashona yale makuti, moja baada ya jingine, uani kwake, wiki sita. Siku hiyo alikuwa chini akimpandishia mwanawe kwa mti mrefu, naye Abdurahman akiyapokea na kuyafunga. Upande wa bahari ulikuwa umekwisha. Upande wa njiani ilikuwa imebaki mistari minne.

Gari jeupe lisilo na namba liliingia langoni bila kupiga honi. Wakashuka wanaume wanne, watatu wamejifunika nyuso, mmoja kijana, uso wazi, kofia ya mpira kichwani.

"Abdurahman! Shuka!"

Abdurahman hakuwatazama wao. Alimtazama mamake. Kisha akamaliza kulifunga kuti alilokuwa nalo mkononi, akaivuta kamba kuijaribu kama imekaza, ndipo akashuka ngazi. Hakukimbia. Angekimbilia wapi, na ameapa mbele ya chifu kuwa hatakimbia tena?

"Wanangu," Mwanapili alisema, maana wote wale angeweza kuwazaa, "mnampeleka kituo gani? Niambieni nimfuate na chakula chake, hajala."

"Mama, kaa kando."

"Nimewauliza kwa adabu. Kituo gani?"

Yule kijana wa uso wazi alikuwa ameshaushika mlango wa gari. "Adui hapelekwi kituo, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Mlango ukafungwa.

Gerishom alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na ndoo ya rangi. Aliyaona yote na kuyasikia yote. Mwanapili alimgeukia, na Gerishom akainamisha kichwa akaanza kuikoroga rangi.

* * *

Siku nne alizunguka vituo. Kila alikofika aliketishwa kwenye benchi, na kila benchi lilikuwa na watu wengine waliotajwa majina yao kabla ya lake. Katika kituo cha tatu, kijana wa bara aliyekuwa mezani alipitisha kidole kwenye kitabu kikubwa, haraka mno kwa mtu anayesoma.

"Mathe, huyu hayuko. Si ungeangalia kwa marafiki zake?"

"Marafiki zake wapi?"

"Si wale wa kule Somalia?" Alicheka, na askari wenzake wakacheka. "Labda amerudi job."

Mwanapili hakulia. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita na alijua tofauti ya kicheko cha mtu mjinga na kicheko cha mtu anayejua. Hiki kilikuwa cha anayejua, na hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Akasema ahsante, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, kisha akajichukia njia nzima kwa ile ahsante.

Hakuwahi kusema mwanawe ni malaika. Abdurahman alikwenda Somalia, ndiyo. Aliahidiwa kazi, akapewa sufuria apike, kisha akapewa bunduki. Aliibeba miezi saba, halafu akatoroka, akahangaika huko na huko miaka kadhaa, mpaka akafika nyumbani. Mamake hakumuuliza alimpiga nani. Aliogopa jibu. Lakini serikali yenyewe ndiyo iliyotangaza redioni kwamba wanaorudi wajisalimishe, wasamehewe. Mwanapili aliamini. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake huu, alimshika mwanawe akampeleka kwa Chifu Shutu, na Shutu akamwandika katika daftari la waliorudi, akampa mkono, akamwambia, "Karibu nyumbani, kijana. Tafuta kazi ya halali." Majuma kumi na moja aliitafuta na kuifanya kazi ya halali. Na juu ya kazi hiyo ya halali ndiko alikoshushwa.

* * *

Wakili aliitwa Concepta. Alikuwa mwanamke wa bara, mfupi, mwenye ofisi chumba kimoja juu ya duka la simu Ukunda, na shirika moja la haki ndilo lililomlipa. Aliwasikiliza Mwanapili na Warda, mke wa Abdurahman, bila kuwakata kauli hata mara moja. Kisha akafungua kitabu chembamba cha Kiswahili akamsogezea Mwanapili.

"Mama, unasoma?"

"Nasoma vizuri."

Ilikuwa Katiba. Mwanapili aliisoma kwa sauti: mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa ishirini na nne. Concepta akafunua nyuma kidogo, kifungu cha ishirini na tano, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Kulikuwa na orodha ya haki chache ambazo hazipunguzwi kwa sababu yoyote ile, na mojawapo ilikuwa hii: mahakama kuamuru anayemshika mtu amlete mbele yake.

"Hata aliyekwenda vitani?" Mwanapili aliuliza. "Usinifiche, mwanangu. Mimi ni mtu mzima. Hata aliyekuwa upande wa adui?"

"Imeandikwa kila mtu, mama. Haikuandikwa kila mtu mwema."

Warda alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake muda wote. Hapo akaiachia. Walipeleka ombi mahakamani juma lile lile, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya paa Mwanapili alikula wali akaumaliza.

* * *

Majibu ya serikali yalikuja baada ya siku kumi na mbili. Concepta aliyaleta mwenyewe hadi uani, akakataa chai, akabaki amesimama kati ya mafungu ya makuti.

"Wanasema hawana wa kumleta. Wanasema Abdurahman amekufa."

Warda alipiga ukelele mmoja tu.

"Ngoja, dada. Hawasemi amekufa sasa. Wanasema alikufa miaka miwili iliyopita, kule Somalia, kwa bomu la ndege, akipigana. Na wameleta ushahidi." Alitoa karatasi. "Mama, barua hii ni yako?"

Mwanapili aliitambua kabla hajaipokea. Ilikuwa ya mkono wake mwenyewe, herufi zake za duara alizofundishwa darasa la sita. *Kwa Chifu. Naomba ruhusa ya kukusanya watu kusoma hitima ya marehemu mwanangu Abdurahman, aliyefia Somalia.* Chini yake sahihi. Chini ya sahihi muhuri wa Shutu.

Miaka miwili nyuma Shutu alikuja hapa uani, akavua kofia, akamwambia amepata habari kutoka juu: vijana kadhaa wa pwani wamepigwa na ndege huko, na mwanawe yumo. Pole sana, mama. Basi Mwanapili akafanya linalofanywa. Huwezi kumwacha mtoto wako bila swala. Msikitini wakamswalia swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na siku ya hitima wakaja watu zaidi ya mia, mbuzi wawili na magunia ya mchele. Warda akakaa eda, miezi minne na siku kumi, asitoke, asijipambe. Kibali cha kukusanya watu ni lazima, na Shutu alisimama juu ya bega la Mwanapili akimwelekeza jinsi ya kuandika. "Tia 'marehemu', mama. Bila hilo, wakubwa watadhani ni mkutano."

"Yeye ndiye aliyeniambia amekufa," Mwanapili alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kila neno alilitafuna. "Wao ndio walioniambia. Mimi nikawaamini. Nikamswalia mwanangu hai kwa neno lao, leo wanachukua swala yangu wanamfungia nayo?"

"Ndivyo walivyofanya."

"Na daftari la Shutu? Si alimwandika aliporudi?"

"Nimetoka kwake. Anasema hakuna daftari kama hilo na hajapata kumwona."

Mwanapili alilitazama fungu la makuti lililokuwa karibu yake, akalipiga teke mpaka likasambaa.

"Tunahitaji mashahidi," alisema Concepta. "Watu waliomwona hai baada ya hiyo hitima. Wawili, watatu. Wa kuapa."

* * *

Kijiji kizima kilimwona. Alirudi akanunua chumvi dukani, akanyolewa kinyozini, akaswali Ijumaa kumi na moja mfululizo. Wengine walimkumbatia hadharani wakilia. Sasa Mwanapili alipobisha hodi, mmoja alikuwa anaumwa, mwingine alikuwa na safari ya Majoreni, wa tatu alimpokea vizuri, akamkaribisha uji, kisha akasema, "Dada, wallahi mimi macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Alikwenda kwa Mzee Chirau, imamu. Huyu alikuwa tegemeo lake.

"Shikamoo, Mzee Chirau."

"Marahaba, mwanangu. Najua lililokuleta."

"Basi usinichoshe. Utakuja?"

Mzee alivigeuza geuza viatu vyake kwa kidole cha mguu. "Swala ile haina kitu, Mwanapili. Anayeswaliwa naye yu hai, swala ya maiti haimpati. Dua zinabaki, na dua hazidhuru. Usijilaumu."

"Sikuja kuuliza swala. Nimeuliza utakuja mahakamani?"

"Maimamu wangapi wamepotea pwani hii? Nina wajukuu tisa ndani ya nyumba hii."

"Aliporudi, Warda alikuja hapa kukuuliza kama ndoa yake bado ipo. Wewe ndiye uliyemwambia, maadamu hukuolewa, mumeo ni huyu, nenda naye nyumbani. Ulimwambia hivyo mbele ya mwanangu. Ulimshika mkono, Mzee. Ulimshika mkono nani? Maiti?"

Mzee Chirau machozi yalimtoka, na Mwanapili akaona machozi yale hayamsaidii kitu, akaondoka bila kuaga. Hilo hajapata kumfanyia mtu mzima maishani mwake.

Ijumaa alisimama nje ya lango la msikiti. Wanaume walipotoka hakungoja wavae viatu.

"Mlikula pilau yangu!" alipaza sauti. "Mia na zaidi mlikuja, mkala, mkasema marehemu alikuwa kijana mzuri. Kisha akarudi mkamwona kwa macho yenu. Sasa nataka mmoja. Mmoja tu aende akaseme alimwona! Au nirudishieni pilau yangu!"

Mtu mmoja alicheka kwa haya, akanyamazishwa. Wengine wakainama kutafuta viatu vyao, na wakavitafuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwanapili alirudi nyumbani sauti imekauka, na hakuna aliyemfuata.

Aliyekuja alikuja siku ya tatu, na hakuwa wa msikiti. Gerishom aliegesha baiskeli kwenye mnazi, akasimama pale pale.

"Mama, nimesikia unatafuta mtu wa kusema. Mimi nitasema. Nilimwandika kazi, nilimlipa, na nilisikia yule kijana alisema nini."

Mwanapili alimkaribisha kiti. Gerishom hakukaa.

"Ni vizuri ujue. Mimi si rafiki ya huyo kijana. Timothy, mdogo wangu, alikuwa jeshini, alikufa huko huko Somalia. Tulizika sanduku limefungwa, hatukuruhusiwa kufungua. Huenda ni mwanao alimuua. Sijui. Mtu wa kanisa letu aliponiambia huyu fundi wa makuti alitoka wapi, nilikosa usingizi. Nilitaka kumfukuza."

"Kwa nini hukumfukuza?"

"Kazi yake ilikuwa safi." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi nataka asimame kortini aulizwe alifanya nini, nikiwa nimekaa hapo nasikiliza. Hiyo ndiyo nataka. Sasa wakimficha, nani ataniambia Timothy alikufaje?"

Mwanapili alimletea maji katika gilasi, na Gerishom akayanywa akiwa wima, akapanda baiskeli yake.

* * *

Wakili wa serikali alikuwa kijana nadhifu, mwenye Kiswahili safi kuliko alichotarajia Mwanapili.

"Mheshimiwa Jaji, mtu huyu alivuka mpaka akashika silaha dhidi ya majeshi yetu. Siku hiyo alijivua uraia kwa mkono wake mwenyewe, akawa adui wa kigeni. Katiba ni mkataba wa wananchi. Haikuandikwa kumlinda adui katika uwanja wa vita. Adui hapelekewi hati, adui hupigwa. Hakuna askari anayeingia vitani amembeba hakimu mgongoni. Na kwa vyovyote, Mheshimiwa, marehemu amekwisha kufa, na familia yake ilimsomea hitima."

Concepta alijibu, na alijibu vizuri. Alisema Tiwi si uwanja wa vita na ngazi ya fundi si handaki. Alisema kama ni adui, ashtakiwe kwa uadui wake, sheria zipo. Gerishom akaapa kwa Biblia, akasema alichokiona bila kuongeza wala kupunguza, na alipoulizwa kama ana chuki na marehemu, alisema, "Ninayo. Na si marehemu, nilimlipa Jumamosi."

Kisha akaitwa Mwanapili. Wakili wa serikali alimletea barua.

"Mama, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Uliandika 'marehemu'?"

"Niliandika."

"Ulikuwa unasema uongo?"

Mwanapili alishika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili. Ilikuwa mikono ya kushona makuti, vidole vimechanika ncha.

"Nilikuwa nasema maneno yenu. Mlikuja nyumbani kwangu mkaniambia amekufa, nikalia. Mkatangaza arudi atasamehewa, nikamleta mwenyewe. Kila mlilosema nililifanya. Sasa na mimi naomba kuuliza moja, Mheshimiwa Jaji, kwa ruhusa yako."

Jaji, mwanamama mwenye miwani, aliitikia kwa kichwa.

"Huyu kijana amesema mwanangu amekufa miaka miwili. Haya. Halafu amesimama hapa nusu saa nzima anamvua uraia, anaeleza kwa nini ni halali kumpiga. Mtu aliyekwisha kufa miaka miwili, mnahangaika hivi kumtafutia sababu ya kumuua ya nini?"

Wakili wa serikali alifungua faili lake, akalifunga.

Jaji aliamuru Abdurahman aletwe mbele ya mahakama katika muda wa siku saba. Alisema Katiba haikuacha nafasi tupu ya kumweka mtu ambaye si raia, si mshtakiwa, wala si maiti. Nje, Warda alimkumbatia Gerishom mbele ya watu, na Gerishom akasimama mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Jioni Warda alifua shati la mumewe, lile la buluu, akalipiga pasi.

Siku ya saba walikwenda nalo. Na mtoto pia, Yusra, wa miaka mitano, aliyekuwa ndiyo kwanza amezoea kumwita mtu baba. Serikali ilileta kurasa mbili. Hati ya kiapo: hatumshikilii mtu huyo, na hatujapata kumshikilia wakati wowote. Ya Somalia haikutajwa tena, wala bomu, wala hitima. Waliiacha njiani baada ya kuitumia. Jaji aliisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kuleta anachoapa kuwa hana. Akaagiza polisi wachunguze. Polisi. Faili likafungwa, na karani akaita kesi nyingine.

* * *

Baada ya siku tisa Warda alikuja uani, akaketi karibu na mkwewe. "Mama, watu wananiuliza. Nikae eda tena, au nisikae?"

"Umeona maiti?"

"La."

"Umesikia anayejua akikwambia jambo la kweli?"

"La, mama."

"Basi vaa nguo zako za rangi, ukateke maji. Safari hii hatuwasaidii kuzika."

Alikuwa hajamaliza kusema Shutu alipoingia uani. Alivua kofia, kama alivyofanya mwaka ule.

"Salaam aleikum, Mama Abdurahman. Nimekuja kwa heri. Sisi sote tunajua uchungu wako. Nimeona ukitaka kuwaita watu mkasoma dua, nafsi zikapoa, usihangaike na ofisi. Kibali nitakupa leo leo. Hata barua tumekuandikia kabisa. Wewe ni kutia sahihi tu."

Mwanapili aliweka chini kuti alilokuwa akilishona, akaipokea barua. Safari hii ilipigwa chapa. Aliisoma taratibu, kwa sauti, ili Warda asikie. *Naomba ruhusa ya kukusanya watu kusoma hitima ya marehemu mwanangu Abdurahman, aliyefia...* Hapo palikuwa na mstari wa nukta, mrefu, mtupu.

"Hapa hapajaandikwa kitu."

"Hapo utajaza mwenyewe, mama. Utakavyoona."

"Alifia wapi, Bwana Chifu?"

"Mimi nitajuaje?"

Kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye mfuko wa shati la Shutu. Mwanapili aliichomoa, akaifungua, akamnyooshea pamoja na ile barua.

"Mara ya kwanza ulinisomea mimi nikaandika. Leo andika wewe. Andika alifia wapi, siku gani, kwa mkono wa nani. Kisha tia sahihi yako, nami nitachinja mbuzi kesho."

Shutu hakuipokea. Aliitazama kofia yake, akamtazama Warda, akatazama njia aliyojia. Mkono wa Mwanapili ulibaki umenyooka.

"Jaza," alimwambia. "Sina haraka."